Gitaa la Tito Lilivyobonyea Makambako

Jumapili. Njombe imefunikwa na ukungu hadi mchana huu, na mimi sikwenda kanisani. Nina furaha. Naandika hivyo ili nione kama neno hilo litakaa.

Mwaka jana Tito, kiongozi wa bendi yetu ya Makambako, alilichukua gitaa langu mbele ya ukumbi mzima, akaligonga mgongoni na kusema, "Jamani, mzinga wa nyuki huu!" Watu wakacheka. Wazazi wa mchumba wangu nao wakacheka. Wiki hiyo hiyo akanitoa kwenye bendi, akaagiza gitaa la dukani kutoka Dar es Salaam, jekundu, linalong'aa kama viatu vya Bwana Shauri, yule ofisa wa wilaya.

Langu nililichonga miezi saba. Uso wake ni ubao mzima wa mti wa mpodo. Niliukwangua kwa kipande cha chupa hadi ukavimba katikati kama gamba la kobe na kuwa mwembamba pembeni. Mgongo ni mninga. Matundu mawili ya sauti yamejikunja kama ndoana, moja kila upande.

Mzinga wa nyuki!

Alhamisi hii Tito akaja karakanani kwangu, kofia mkononi, lile gitaa jekundu kwapani. Kidaraja kinachobeba nyuzi kilikuwa kinazama.

"Kaka, Jumamosi tuna harusi. Fundi mwingine sina."

Nikaingiza kioo kidogo kwenye tundu la sauti, nikacheka peke yangu. Uso wa gitaa lake haukuchongwa. Ni mbao nyembamba tatu zilizogandishwa pamoja, zikakandamizwa ili zivimbe. Ukiligonga linajibu "pu", kama gunia la mahindi. Langu hujibu hadi ukutani. Ndani ya lile jekundu, mhimili mmoja ulikuwa umebanduka.

Dawa yake naijua: gundi ya ngozi ya kutosha, vibano, siku nzima ya kukauka.

Nilipaka tone moja.

Jana nilipanda lori la magome ya miti ya miwati hadi Makambako, gitaa langu ndani ya gunia, nikakaa benchi la mbele. Wimbo wa tatu, lile jekundu likabonyea kifuani, nyuzi zote zikalegea, na bibi harusi akabaki na mguu hewani. Nikasimama na langu. Ukumbi ule hauna mashine ya kukuza sauti, lakini uso wa kuchonga hauihitaji. Sauti ilipenya vigelegele, wapishi wakaja kuchungulia dirishani. Nilipiga nikimtazama Tito machoni.

Wimbo ulipokwisha, baba wa bibi harusi akauliza kwa ukali, "Nani alilitengeneza hilo lililovunjika?"

Nikainamia nyuzi zangu kana kwamba nazikaza.

"Lilikuwa bovu tangu dukani, mzee," Tito akajibu. "Fundi alinionya, mimi nikalazimisha."

Uongo mtupu. Sikumwonya.

Jioni alinifuata hadi kwenye lori, akanipandishia gitaa lake.

"Litengeneze tena," alisema taratibu. "Safari hii, kaka, litengeneze."

Sasa limelala mezani. Gundi iko motoni, nami nitalifunga barabara, Mungu ananiona. Lakini chuki haijapoa. Nilitaka aionje aibu niliyoionja mimi. Ameionja, na yangu pia akaibeba mbele ya watu wote.

Hilo ndilo nashindwa kumsamehe.