Kutu Aliyoiosha Mama

Baba,

Shikamoo. Najua huitiki, lakini hukunilea nianze maneno na mkubwa bila shikamoo, na sitaanza leo kwa kuwa umekufa.

Nakuandikia nikiwa saluni kwangu, Kiembeni. Mteja yuko chini ya draya, amesinzia, nimepata nusu saa. Ni mwezi wa tatu sasa tangu tukupeleke Kaloleni ukalale na wazee wako. Nilitaka nikuandikie siku nitakapokuwa na habari njema, nikangoja, habari njema haikuja. Nina habari ya magari yako, nayo ni mbaya, na hakuna mwingine wa kumwambia.

Yameoshwa, Baba. Yote kumi na manne.

Unajua ilivyokuwa taabu kueleza watu ulichokuwa ukifanya kule kibandani nyuma ya nyumba tangu ustaafu udereva. Anatengeneza malori madogo. Ya watoto? La. Ya kuuza? La. Basi ya nini? Ni malori aliyoyaendesha mwenyewe, yamepunguzwa mara ishirini, pamoja na kutu zake. Hapo kwenye kutu ndipo mtu hunitazama mara mbili. Lori ulikuwa ukiliunda kwa wiki mbili, kwa plastiki ya mabomba ya maji uliyoipasha moto ukainyoosha, halafu ukikaa miezi miwili ukilizeesha. Mama akisema unaharibu kitu kizuri kwa makusudi. Nawe ukimjibu bila kuinua macho, "Gari lisilo kutu halijaenda popote."

Na mimi ndiye niliyekuwa mshirika wako katika uharibifu huo. Kila mwezi simu: "Mwanangu, ile dawa ya kupuliza nywele imekwisha." Wateja wangu wakidhani nina baba mwenye nywele! Na kichwa chako kilivyokuwa upara mtupu. Nikija nayo nyumbani Changamwe unanikalisha kwenye kigoda unanionyesha tena, kana kwamba sijawahi kuona. Rangi ya kahawia chini. Dawa ya nywele juu yake. Kisha rangi ya lori lenyewe, tuseme buluu. Kabla haijapita saa moja unaigusa buluu kwa brashi yenye maji ya uvuguvugu, nayo inaanza kubanduka vipande vipande, kweli kabisa, mpaka mtu anataka kuibandua kwa ukucha. Halafu ndio kutu yenyewe. Ulikuwa ukiikwangua getini kwetu, ukiichuja kwa soksi ndefu za Mama za kanisani (na jinsi alivyokugombeza!), ukiibandika kwa chai ya rangi iliyochacha. Juu yake hukupaka kitu. Nilikuuliza mara ngapi? Baba, pakaa vanishi. Ukakataa. "Vanishi inang'aa, na kutu haing'ai." Na maji je? "Nani atakayetia maji humu?"

Haya. Mama ametia.

Siku ile wewe uko mochari, mimi nimekwenda kuulizia jeneza, na kina mama wa kanisani wametuma habari kwamba jioni watakuja kuomba nasi. Mama akasema nyumba ya matanga haipokei watu na vumbi. Akayateremsha magari yako kutoka kwenye rafu, moja moja, akayatia kwenye beseni. Maji, sabuni ya unga, brashi ya kufulia viatu. Niliporudi niliyakuta yamepangwa barazani yanakauka. Jamani. Boneti zinang'aa, milango imechunika rangi yote imebaki kahawia tupu, na maji ya beseni mekundu kama udongo wa Kaloleni. Miaka tisa ya kazi yako, Baba, ilikuwa kwenye beseni la nguo.

Nilifungua kinywa nimpigie kelele. Akageuka kuelekea sauti ya nyayo zangu. Unajua macho yake yalivyo, na tangu uondoke mtoto wa jicho amezidi, anamwona mtu kama kivuli. Akasema, "Nimetoa vumbi tu. Kutu yake sikuigusa. Najua angenigombeza."

Nikachukua beseni, nikaenda kulimwaga nyuma ya kibanda, na hapo ndipo nilipokulilia kwa mara ya kwanza. Kwenye jeneza sikulia.

Ningeyaacha. Lakini lipo lile la buluu. Hospitalini, pumzi ikikupaa, uliniambia, "Lile la buluu mpe Katana." Utingo wako, mliyekwenda naye bara na kurudi na kabichi za soko la Kongowea miaka kumi na mmoja. Lori lenyewe liliuzwa chuma chakavu siku nyingi. Hilo dogo ndilo pekee lililobaki, nawe ukalifanya doa kwa doa, pale ulipokuwa ukiegemeza mkono dirishani, pale rejeta ilipochemka ikamwagikia boneti. Mzee Katana alikuwa aje kulichukua baada ya matanga. Nikasema, nitalirudisha lilivyokuwa. Mimi si fundi wa vichwa vya watu? Mikono si ninayo?

Mara ya kwanza nilitia maji mengi, buluu ikatoka yote kama ganda la yai. Mara ya pili alikuja mteja, nikamsuka, niliporudi rangi imeshikana, haibanduki hata kwa kisu. Mara ya tatu ikabanduka vizuri. Nikafurahi, wallahi nikapiga vigelegele peke yangu. Kisha nikaliweka dirishani nikalitazama. Lilikuwa chui, Baba. Madoa kila mahali, mazuri yote, na hakuna hata moja lenye sababu. Wewe ulikuwa ukiniambia niulize kwanza maji yalipita wapi. Nitamuuliza nani? Nina picha moja tu ya lori lile kwenye simu, na mbele ya mlango nimesimama mimi, nacheka, nimeuziba wote.

Nilijaribu mara nyingine nne, kule kibandani kwako, kisha nikalirudisha rafuni. Nilikuwa nikifunga saluni mapema, nikipoteza wateja. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijua, nikawa nayazoa tu.

Jumapili iliyopita Mzee Katana akaja kutoka Ziwa la Ng'ombe, na fimbo yake, na shati ulilompa. Mama akamwekea chai na mahamri. Akainuka mwenyewe, akapapasa rafu, akalishusha lori lako, akalipangusa tena kwa ncha ya leso, akampa mikononi. "Shemeji, nimetoa vumbi tu. Kutu yake haikuguswa."

Mzee Katana macho anayo. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule. Akayaona madoa yangu ya chui. Akanitazama, nami nikatazama sakafu, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Akasema, "Ipo, shemeji. Yote ipo."

Mama akacheka. Sijamsikia akicheka tangu ulipoondoka.

Nilimsindikiza hadi steji ya matatu. Njiani nikamshika mkono nikamsihi. Nikamwambia, Mzee, nieleze wewe, mlango ulibanduka mpaka wapi, kutu ya boneti ilianzia upande gani, nitaandika kila neno, nitarudia hata mara mia. Akasimama. Nikaanza kutumaini.

"Mwanangu," akasema, "kutu sikuitazama hata siku moja. Mimi nilitazama njia na mzigo. Mwenye kuitazama alikuwa baba yako."

Akalitoa lori kwenye mfuko akanirudishia. Akaniambia nimwambie Mama ameomba kutunziwa hapo hapo kwenu, asije akaipapasa rafu akalikosa. Basi hata lile moja uliloomba sikulitimiza. Lipo rafuni, si lako, si la Katana, si langu.

Sitajaribu tena. Mikebe ya dawa nimeirudisha saluni, ipulizwe kwenye nywele. Kibanda nimekifunga, na sina hamu ya kukifungua.

Mama sasa anayapangusa kila Jumamosi, kwa kitambaa kibichi, polepole, akikusemesha. Kila akipangusa, rangi iliyobaki inatoka kidogo, naiona kwenye kitambaa. Nikiwapo huniuliza, "Niangalilie, kutu ya mlangoni bado ipo?"

Hilo ndilo ninaloweza kukuahidi, Baba, na ni dogo, unisamehe. Atapangusa mpaka ibaki plastiki nyeupe ya bomba. Na kila atakaponiuliza nitasogea karibu, nitatazama kana kwamba naangalia kweli, nitamwambia ipo.

Kwaheri, Baba. Mteja ameamka.

Binti yako,
Kadzo