Bismillahi ya Risasi ya Pili

S.L.P. 214,
Ibra, Oman.
3 Oktoba 1998

Mpendwa mpwa wangu Hisham,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Manar, na kwamba baridi ya Michigan haijaanza kuwatafuna masikio. Sisi huku tunajikongoja. Goti langu linauma, mtende wa uani umekauka, na mvua huu mwaka wa pili hatujaiona. Mama yako hajambo. Viza yake imetoka, na masanduku ameyapanga kama mtu anayehama moja kwa moja.

Barua yako niliipata. Unaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mwindaji wa ukoo, ununue bunduki gani ya kuwindia kulungu, na unasema kwamba jirani yako anakushauri nusu otomatiki, hii inayojipakia risasi yenyewe kila ukifyatua. Nilicheka. Mwindaji gani mimi? Huku mkoani Sharqiyah paa wanalindwa kwa sheria, na bunduki nyingi tulizonazo ni za kutundika ukutani. Hata hivyo Ijumaa moja nilikwenda mpaka soko la Nizwa kuzishikashika, mkono ukumbuke. Mkono ukakumbuka, nikatamani nisingekwenda.

Kuhusu silaha yenyewe, nusu otomatiki haipigi bega sana, na ukikosa unayo nyingine papo hapo. Lakini ni nzito, ina vyuma vingi vya kusafisha, na ukiifanyia uvivu inakwama. Ile ya kukoki kwa mkono ni nyepesi na haina makuu. Hayo hata muuzaji atakwambia. Lililobaki hatakwambia, maana ni langu.

Umeandika kwamba kulungu wako wa kwanza atakuwa wa mama yako, utamlisha kwa mkono wako akifika Novemba. Nilipofika hapo chakula kilinishinda.

Mwaka 1959 tulikuwa Tabora. Bibi yako alikuwa mgonjwa, siku ya tano hali kitu, akatamani supu ya paa. Baba alikuwa safarini. Nikaazima bunduki kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la tumbaku, nusu otomatiki kama hiyo yako, nikaenda nayo porini nikijiona bwana mkubwa. Baba alitufundisha kila risasi na bismillahi yake, la sivyo mnyama akifa kabla ya kisu ni mzoga, haliwi. Kwa bunduki yake ya kukoki hilo lilikuwa jepesi, kwani unavuta, unasukuma, na ulimi unapata nafasi.

Nilimwona paa, nikasema bismillahi, nikapiga, nikakosa. Akaruka, na kidole kikavuta tena kabla sijafumbua mdomo. Akaanguka. Nilipomfikia na kisu alikuwa ameshakufa. Nikampitisha kisu shingoni hivyo hivyo, damu haikutoka.

Ningeweza kumwacha pale. Lakini nilimfikiria mama na bakuli lake tupu, nikamtia paa begani. Nyumbani nikasema nimemwahi yu hai. Mama yako akapika. Bibi yako akanywa bakuli zima, akanipa radhi zake mbele ya watu, na siku ya nne baada ya hapo akafariki. Hisham, nilimlisha mama yangu mzoga, na ndicho chakula chake cha mwisho kilichompendeza. Watu wa elimu wanasema aliyesahau husamehewa. Labda kidole kilisahau. Ulimi uliosema uongo haukusahau kitu.

Basi sikutaka mama yako aende huko kula nyama ya bunduki ya aina ile ile bila kujua. Jumatano baada ya alasiri nilikwenda kwake, nikamkuta anachambua mchele, nikamweleza yote. Hakuinua uso.

“Nikijua, Himid,” akasema. “Nyama ilikuwa nyeusi, damu yote imo ndani. Mpishi hafichwi kitu hicho.”

Nikamwuliza kwa nini basi aliipika.

“Mama alikuwa akiniita kutoka chumbani, ‘Wadha, supu tayari?’ Ningemjibu nini? Wallahi nimekungoja useme, ili tuombe tauba pamoja. Ukenda zako, ukirudi, hukusema.”

Miaka thelathini na tisa, mwanangu, tunakula sinia moja kila Idi, kila mmoja akidhani anamfichia mwenzake. Nililia kama mtoto. Yeye aliendelea kuchambua mchele, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenitukana.

Jibu langu kwako, basi, ni ile ya kukoki. Kama umeshainunua hiyo nyingine, mama yako amenituma nikuandikie hivi: tia risasi moja tu, useme bismillahi yake, upige. Ukikosa, mwache aende zake, na yeye mama yako atakula maharage.

Mkeo mpe salamu zangu. Mke wangu Radhia anakusalimu, na nduguyo Thuwaini naye, ambaye anaahidi kuandika kila mwezi na haandiki. Mama yako akifika huko usimwulize habari hii. Akitaka atakwambia mwenyewe. Na kama una jambo la kumwambia, mwambie hiyo hiyo Novemba.

Mwenyezi Mungu akulinde, akujaalie kidole kisichoutangulia ulimi.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Himid