Zhanxi Niliyoibeba Mlimani

Jumanne jioni. Theluji imekatika, baridi haijakatika. Nimevaa soksi juu ya soksi na bado miguu naikisia tu.

Niko Hunan, milimani, safari ya treni ya kasi kutoka Guangzhou. Mzigo wa mwisho kabla Wachina hawajafunga kwa mwaka mpya wao umeshaingia kontena, nikafunga chumba changu mtaa wa Sanyuanli, nikatoroka bila kuaga. Nilitaka theluji, nyota na kimya, basi.

Leo ndiyo nilipaswa kushuka. Asubuhi mama mwenye nyumba ya wageni akanionyesha barabara: barafu tupu, inang'aa kama sakafu ya benki. Na basi la kushukia je? "Mei you," akasema. Hakuna. Neno hilo nalisikia soko la nguo la Zhanxi kila siku nikiulizia saizi, ila sokoni nahamia duka la pili.

Huku hakuna duka la pili.

Sasa niseme ukweli. Nyumbani Marangu hawajui kama niko huku. Kwetu, mtu aliyeko China hapumziki. Ukimwona kapumzika, anaumwa au kafilisika. Mwaka juzi niliweka picha nimekaa kwenye benchi bustani ya Liuhua, nakula chungwa. Chungwa halijaisha, baba mdogo kapiga kuuliza kama bado nina kazi.

Kwa hiyo nimekuja na Zhanxi yangu kwenye begi: majaketi ya sampuli, maboksi ya raba, na kamba ya kutundikia. Kila anayenipigia video amezoea kuniona na ukuta wa nguo mgongoni. Chumba hiki kina dirisha kubwa la kutazama mlima, ndilo lililonileta. Pasipo na dirisha ni chooni tu.

Giza lilipoingia huku, kule bado mchana, mdogo wangu Amani akapiga kutoka dukani kwetu Himo. Nikafunika choo, nikakaa, majaketi yananing'inia nyuma.

"Dada, soko linasemaje?"

"Watu kama siafu. Pa kukanyaga hakuna."

"Mbona kimya hivyo?"

"Niko stoo."

Nikajipongeza moyoni. Ndipo mama, aliyekuwa amekuja kumsalimia, akamnyang'anya simu. Majaketi hakuyaangalia hata moja.

"We Upendo, mbona unatoa moshi mdomoni?"

Choo hakina hita. Na mama amekamua ng'ombe alfajiri za Julai maisha yake yote. Baridi ya namna hiyo anaijua kwa sura. Nikasema ni kiyoyozi.

"Kiyoyozi cha stoo," akasema. "Hebu toka nje nikuone."

Niliwaza kukata nisingizie mtandao. Lakini mtandao wa China nimeshausingizia kuliko watu wanavyomsingizia shetani. Nikatoka.

Uani theluji ilinifika vifundoni. Nikageuza simu, nikasubiri kuulizwa kama bado nina kazi.

"Amani, hebu kawasikilize wale wateja," nikamsikia mama. Kisha akashusha sauti. "Umechoka tangu lini?"

Nilijifanya napangusa kioo cha simu.

"Haya. Na huko juu kuna nini? Mimi naona giza tu."

Nyota, nikamwambia. Simu haizishiki.

"Basi nieleze."

Nikamweleza nilivyoziona, nyingine zimesongamana, nyingine peke yake, mpaka vidole vikagoma. Akauliza theluji inanukaje. Ameitazama kileleni kule nyumbani tangu azaliwe, hajawahi kuigusa. Nikainama, nikainusa. Kama sufuria iliyooshwa, nikamwambia. Akacheka, akasema alikuwa akidhani hivyo hivyo.

"Baba yako mdogo nitamwambia uko stoo," akasema, akakata.

Nilibaki pale uani, pua inavuja, sijui ni baridi au nini. Halafu nikaingia kumuuliza mwenye nyumba habari za basi la kesho.

"Mei you," akasema, sijamaliza hata swali.

Nikamshukuru kama mtu aliyepunguziwa bei. Kisha nikaenda chooni kushusha majaketi.