Mawe ya Korongo Lako

Mwankoko, Singida
Aprili, mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke Mungaa

Elia, ndugu yangu,

Nimefika kaburini kwako kwa kuchelewa, na nimeondoka pale na hasira. Sikulia. Mkeo alidhani nitalia, akanisogezea kigoda. Mimi nikabaki nimesimama nikiyatazama yale mawe. Nikamuuliza yametoka wapi.

"Korongoni, shemeji. Vijana walisema marehemu aliyapenda."

Mawe ya vizuizi vyako vya maji, Elia! Wameyang'oa yote wakakujengea kaburi zuri kuliko yote pale kijijini, wakalipaka na chokaa.

Nimesimuliwa ilivyokuwa. Siku ya mazishi mtani wetu mmoja wa Mtinko aliingia kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Kisha akapaza sauti: "Huyu bwana kapanga mawe maisha yake yote kama wale panya wake wa Ulaya! Haya, leo tumpangie na yeye!" Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Utani wa msibani huishia palepale msibani. Safari hii wenye msiba waliuchukua kama wosia. Vijana wakashuka korongoni na mikokoteni ya punda, na kila mmoja akiamini anakuheshimu.

Mvua ziliponyesha, maji yalipita bila wa kuyazuia. Lile bwawa lako dogo, lenye matete na vyura, limekuwa mchanga mtupu. Kisima kilichokuwa kando yake kimekauka na kiangazi bado hakijaanza. Shemeji anafuata maji ng'ambo ya mlima, mwanamke wa umri ule, ndoo kichwani.

Niliwaambia wazee tuyarudishe. "Jiwe la kaburi haliondolewi, ndugu yetu. Umekaa mno huko Ulaya." Sawa, nikasema, tukusanye mengine. "Baada ya mavuno tutaona." Unaijua sauti hiyo. Ni ya watu ambao hawataona chochote.

Wao nawakasirikia. Wewe nakukasirikia zaidi.

Ulipokuja Norwei kusoma ulinikuta kwenye utafiti wa biva, yule mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa kama mwiko na meno ya rangi ya chungwa, anayeangusha miti na kuziba vijito. Tulipima pamoja kina cha maji juu ya kizuizi chake na chini yake. Tulihesabu visiki alivyotafuna, vyura, kerengende, ndege waliorudi mahali ambapo zamani palikuwa pakavu. Siku moja tulificha spika ukingoni, ikitoa sauti ya maji yanayotiririka. Biva akaja akaifukia kwa tope na matawi, na hapakuwa na tone la maji pale. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukasema: "Kaka, huyu hawezi kusikia maji yanapotea akalala." Nikajua wewe utarudi nyumbani.

Ukarudi, ukafanya kazi ya biva kwenye korongo la Mungaa, jiwe juu ya jiwe na matawi katikati. Lakini biva hana majirani wa kuwaeleza. Wewe ulikuwa nao! Shemeji anasema walipokuuliza unafanya nini kule chini, ulijibu, "Wataona wenyewe." Wameona nini? Wameona mzee anayependa mawe. Uliandika kurasa chungu nzima juu ya kupunguza mwendo wa maji, ukakosa maneno kumi ya Kinyaturu ya kuwaambia watu kwa nini ng'ombe wao walipata majani mwezi wa tisa.

Na mimi ukanitengea kiwanja juu ya bwawa. Kila uliponipigia simu ulinichokoza: "Mtoto wa biva akitimiza miaka miwili huondoka kwao akajitafutie mto. Wewe umeshazeeka, bado unatafuta tu?" Nilikuwa nimeshaamua kurudi, Elia. Nilitaka kukaa pale jioni, tubishane kuhusu vyura. Sasa nakaa na nani, juu ya mchanga?

Laiti ungekuwepo nikugombeze. Ningekugombeza mpaka... Basi.

Naahirisha safari, kesho narudi Mungaa. Nitashuka korongoni na shemeji, tuanze safu moja, hata kama itafika magotini tu. Nakuahidi hili: kila atakayesimama kutucheka nitamweleza, kwa lugha ya mama zetu, jiwe hili linazuia nini na tawi lile linashika nini. Shemeji atasikiliza, maana yeye ndiye atakayebaki na kusema.

Pumzika, ndugu yangu. Kaburi lako ni zuri, hilo sikatai. Kiwanja nimempa shemeji apande mtama. Safu hiyo ikisimama nitapanda basi, na Mungaa sitarudi tena.

Kaka yako.