Chinsaga Ulizonipikia

Mpendwa mama,

Nisamehe kwa kukaa muda huu wote bila kukuandikia. Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila nikianza Kerubo anaamka au mfuko wa tumboni unavuja, naisukuma chini ya godoro. Simu umeikataa. Nikipiga unasema huko Gesima mtandao ni mbaya, na huku nawasikia kuku wako vizuri kabisa. Basi naandika kwa Kiswahili cha kitabu chako cha nyimbo, kile ulichonifundishia kusoma, ili uisome mwenyewe bila kumpa mtu.

Unakumbuka nilipokuwa naendesha damu na ukadhani ni uzazi umeniharibu? Ulizunguka nami mpaka tukaambiwa ni vidonda kwenye utumbo mkubwa, dawa zimeshindwa, utolewe wote. Ukamuuliza daktari, "Na huyu atabaki na nini?" Akakueleza kwamba utumbo mdogo utatobolewa njia tumboni na choo kiingie kwenye mfuko. Mimi nililia. Wewe ukaniambia, "Mfuko tutaosha. Kwani nepi zako ziliniua?"

Nilipotoka hospitali ulikuja kuniuguza hapa Marani, na gunia la chinsaga, zile mboga chungu za majani za shamba lako. Ulizichemsha, ukazitia maziwa, ukazilaza kwenye chungu uchungu utoke, kama anavyopikiwa kila mwanamke wetu aliyepoteza damu. Nilikukumbusha kwamba daktari amekataza mboga zenye nyuzi.

"Amekataza sukuma," ulisema. "Hii si mboga, hii ni dawa. Ulipomzaa Kerubo ulikula nini?"

Nikala. Mama, zilikuwa tamu. Baada ya uji na uji, nililamba sahani. Hilo sijasahau, na wewe usilisahau.

Kisha mfuko ukakaa mkavu. Tumbo likavimba, nikatapika mpaka rangi ya nyongo, mkanirudisha hospitali. Nyuzi zilikuwa zimeziba utumbo, nao ukapasuka. Nesi aliuliza wodini, "Nani alimpa mboga?" Ukanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Ni mimi." Hukujitetea. Nilitaka kusema kitu lakini nilikuwa na mpira puani. Nilipozinduka baada ya kupasuliwa tena, nilikuta leso yako imekunjwa juu ya kiti, na wewe umeenda.

Tangu hapo kidonda hakijafunga. Kuna tundu pembeni linalotoa maji ya utumbo, na maji hayo yanachoma ngozi kama chai ya moto. Nimekonda, pete ya ndoa nimeifunga uzi isidondoke. Wanataka kunifungua mara nyingine nikipata nguvu kidogo. Nilimuuliza daktari kama nitapona. Akasema tutajaribu, akaangalia viatu vyake.

Kinachoniuma kuliko kidonda ni Kerubo. Amejifunza kutonipanda. Anasimama kando ya kitanda anapapasa godoro, sio mimi. Na kwa vile wewe humwita Mama, kwa sababu amebeba jina la mama yako, akisikia mtu yeyote akiita mama huko njiani anakimbia mlangoni. Anadhani ni wewe umerudi, unamwita. Kisha anarudi polepole.

Sasa nisikilize. Kwa ajili ya chinsaga sikukasirikii. Ulinilisha vile ulivyolishwa, ila utumbo wangu haukuwa tena ule uliokuwa unaujua. Kunikimbia ndiko kulikonikasirisha. Baba Kerubo anashinda Tabaka akichonga mawe, harudi ila Ijumaa. Jirani anaweza kumpa mtoto uji, kumlaza hawezi. Na wakinifungua nikikosa kuamka, watu watamwambia nyanya yake ndiye aliyeniua. Watasema, mama, unawajua. Njia ya kuwanyamazisha ni wakuone umemshika, na yeye akujue kwa mgongo wako, sio kwa maneno yao. Nataka nikiingia kule kupasuliwa nijue yuko kwako.

Kwa hivyo Sabato ikipita, ujifungashe. Sikuombi, nakwambia.

Ninavyohitaji ni hivi. Leso kuukuu, zile laini, nikate vitambaa vya kuzungushia tundu. Ndizi mbivu, hizo daktari ameziruhusu, zinafanya choo kiwe kizito. Unga wa wimbi, lakini uuchekeche mara mbili. Sweta ya Kerubo ya kijani iliyobaki kwako, kama bado inamtosha. Kitabu cha nyimbo.

Na chinsaga, mama. Uje nazo na chungu chako. Sio zangu. Kerubo ameota meno, na nataka azionje kwanza kutoka mkononi mwako, hapa kitandani, nikiona.

Ni mimi binti yako,
mama yake mama yako.