Sufu ya Lama Inayowasha

Jumanne.

Na bado inawasha! Skafu niliyofuma kwa sufu ya lama, yule mnyama wa Amerika Kusini, inanichoma shingo, na mteja anaitaka Ijumaa. Nilirudi kutoka karakana yangu ya Hockley na gunia la sufu iliyobaki, nimeudhika.

Mama alichungulia ndani ya gunia. "Kumbe ni kama ngamia tu." Akaketi mkekani, akaanza kuchambua kama alivyofanya na manyoya ya ngamia kule Garissa: nywele ngumu huku, laini kule.

"Ulisokota zote pamoja? Hizi ngumu ni za kamba, wewe!"

Tangu aje Birmingham, miezi minne sasa, hushinda dirishani kimya. Leo amenigombeza mpaka magharibi. Sijui kama tutawahi Ijumaa, lakini...

Kabla ya kulala ameniuliza karakana nafungua saa ngapi.