Salama ya Somoe

Jumatano. Joto la kukaa na kanga moja, na hasira zangu zimelingana nalo.

Leo mimi na jirani yangu Somoe tumetoka Njinjo kwenda Kilwa kukaguliwa mikono. Tumo kwenye majaribio ya kijiti kipya cha uzazi wa mpango, kile kinachoyeyuka chenyewe mwilini. Tulielezwa, tukasaini. Anayetaka kukitoa akitoe mapema, kikishalainika hakishikiki tena. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kukitoa.

Na Somoe anatokwa damu wiki ya tatu sasa. Hajui aswali au asubiri. Kizunguzungu kinamwangusha shambani.

Dada mtafiti, msomi wa Dar, hainui macho kwenye kishikwambi chake. Akauliza, "Habari za mwili, mama?" Somoe akajibu, "Salama." Dada akabonyeza: hana tatizo. Aje mwingine.

Shahada mbili, huyo.

Huku kwetu hata aliyetoka kuzika hujibu salama kwanza. Unamuuliza tena, za nyumbani, za watoto, na ya tatu au ya nne ndiyo habari yenyewe. Mtoto anayetumwa chumvi analijua hilo.

Somoe akainuka aondoke, adabu imemjaa, damu inamtoka. Nikamdharau dada, nikamdharau na Somoe. Kisha nikajidharau mwenyewe, maana safari iliyopita niliyaona haya haya, nikacheka kimoyomoyo, nikaja kuyaandika hapa nionekane mjanja.

Nikamvuta kanga, nikamrudisha kitini. Nikamwambia dada amuulize tena. Na tena. Mara ya tatu Somoe akainamisha kichwa, akasema yote.

Kijiti kikatolewa. Kilishaanza kulegea, muuguzi alihangaika nacho mpaka jasho likamtoka.

Ikabaki kujaza sababu ya kujitoa. Dada, kwa sauti laini kabisa, akauliza kama aweke "sababu binafsi".

Somoe, ambaye sijawahi kumsikia akibishana hata na kuku wake, akamtazama.

"Andika damu, mdogo wangu."

Akaandika.

Zamu yangu ilipofika nami nilijibu salama, na mimi ni salama kweli. Lakini wale wanawake waliotutangulia asubuhi, waliojibu hivyo hivyo, wakabonyezewa, wakapanda bodaboda wakaenda zao?

Nani atawauliza mara ya tatu?